Midomo ya Elsie Entwistle

Mlango wa makao ya wazee ulifunguka kwa namba za siri, na namba hizo Elsie Entwistle hakupewa. Kila asubuhi alivaa koti, akajifunga kitambaa kichwani, akasimama mlangoni. Pauline, meneja aliyetoka kusini mwa Uingereza, alimwita, "Njoo unywe chai, mpenzi."

"Mpenzi wako yuko kwako. Nifungulie, niende kwangu."

Halmashauri ilisema akili yake imepungua, kwa hiyo azuiliwe kwa usalama wake. Elsie akaipinga mahakamani, kwa kuwa sheria inaruhusu. Ni kweli alikuwa msahaulifu, na aliwahi kuunguza sufuria. Lakini hoja iliyomlemea zaidi ni ya wahudumu: kila alasiri huketi dirishani akichezesha midomo bila sauti, akizungumza na watu wasiokuwepo.

Jaji Holroyd, mwanamke mrefu, hakutaka kuamua kwa kusimuliwa. Alikuja mwenyewe alasiri moja, akaketi naye dirishani, akamuuliza huzungumza na nani.

"Na Doris."

Pauline akatikisa kichwa kwa huruma. Jaji akachungulia nje. Ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha basi, alikaa bibi kizee na mbwa wake, midomo ikimchezacheza. Mbwa hawaruhusiwi ndani, na Doris hamwachi wake.

Elsie na Doris walikuwa wamefuma nguo kiwanda kimoja hapo mjini Burnley tangu usichana. Mitambo ilipiga kelele hata sikio halikuwa na kazi. Wafumaji wote walisemezana kwa midomo, umbali wa ukumbi mzima.

"Anasema nini sasa?" jaji akauliza.

"Anauliza huyu aliyevaa kama anakwenda mazikoni ni nani."

Jaji akatazama suti yake nyeusi, akacheka. Kisha akauliza kwa upole: je, akianguka huko nyumbani?

"Nitaangukia kwangu."

Uamuzi ulitoka wiki iliyofuata. Elsie arudi nyumbani kwa majaribio, mhudumu amtembelee asubuhi na jioni, gesi ya jiko ikatwe. Hilo la jiko alilinung'unikia mno.

Siku ya kuondoka, Pauline alibonyeza namba, mlango ukafunguka. Elsie akamgeukia, akachezesha midomo pasipo sauti.

"Umesemaje, mpenzi?"

"Muulize Doris," akajibu Elsie, akavuka barabara.