Kiporo Kilichoanza kwa Salamu

Habari admin. Nifichie jina na ofisi yangu, maana Mwanza hii tunajuana. Nina miaka 29, nina mtoto mmoja, naishi Kirumba. Naandika huku naogopa.

Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya kutengeneza programu za simu. Moja wanaitumia mawakala kukata tiketi za boti za abiria kati ya Mwanza na Nansio, kule kisiwani Ukerewe. Mteja akiomba kitu kirekebishwe, ombi linaingia kwenye foleni, na yanayolala humo tunayaita viporo. Bosi wetu hajui kumwambia mteja hapana. Kila mtu anajibiwa, "Tumelipokea, tunalifanyia kazi." Viporo vimejaa mpaka hakuna anayetaka kuvifungua, mimi nikiwemo.

Wiki hii bosi kasema Jumatatu wanakuja wageni wanaotaka kuwekeza, nifute vyote vya zamani. Mimi kufuta kitu ni mtihani, hata picha mbaya kwenye simu zinanishinda, kwa hiyo nikawa nasoma kwanza. Kimoja kiliitwa "Hamjambo wanangu", kwa sababu mfumo wetu huchukua maneno ya kwanza kuwa kichwa cha ombi. Kimetoka kwa mzee mmoja, wakala wa Nansio. Ametusalimia, akawaulizia wazazi wetu, akashukuru kwa programu nzuri. Ndivyo tulivyolelewa, humvamii mtu na shida kabla ya salamu. Mwisho kabisa kaandika, "Ila wanangu, mtandao ukikatika, simu yangu na ya mwenzangu zinauza nafasi zilezile. Boti inaondoka imezidisha watu. Naomba mliangalie."

Nikajaribu kwa simu mbili. Ni kweli kabisa.

Nikamwendea bosi. Akafunga mlango, akasema taratibu, "Dada, wenye boti wanajua kuhesabu watu wao. Wageni wakisikia hilo, hatuna kampuni. Futa, tutalirekebisha wakishaondoka." Nikamuuliza, na boti za wiki hii je? Akanijibu, "Wewe una mtoto. Fikiria kazi yako." Tangu hapo namwogopa. Sijafuta, sijamwambia mtu, na leo kaniuliza tena kama nimemaliza. Nimesema bado kidogo.

Mama yangu yupo Ukerewe, alikuwa avuke Jumamosi kuja kumwona mjukuu. Nilimpigia nikamdanganya kwamba tunasafiri, asije. Roho ikatulia kidogo. Kumbe hajamaliza kuongea. Akasema, "Haya mwanangu, basi tiketi yangu nitampa jirani yetu, binti yake kajifungua huko Mwanza. Atafurahi huyo."

Nikaitikia, "Sawa mama."

Jumamosi ni kesho kutwa. Mtoto wangu anakula kwa kazi hii, na yule mama jirani ameshaanza kufunga mizigo. Ndugu zangu nishaurini, nimwambie nani, na naanzaje?