Wawili wa Kwenye Kikapu cha Maua

Gulshan Roshanali alizaliwa Tabora, akaja Toronto akiwa msichana wa miaka ishirini na miwili. Baada ya mumewe kufariki alibaki peke yake katika nyumba ya kupanga ya Flemingdon Park, yenye kijibustani nyuma, na huko ndiko alikoanza kulisha ndege.

Aliowapenda zaidi walikuwa wawili: wadogo, wa kahawia, wenye mstari mweupe juu ya jicho, na sauti kubwa kuliko miili yao. Asili yao ni kusini kwenye joto. Ndege wa aina nyingine walihama kila baridi ilipoanza, lakini hawa hawakwenda popote. Walilala pamoja ndani ya kikapu kikavu cha maua kilichoning'inia barazani, na asubuhi walishuka kula karanga na mafuta ya ng'ombe.

Februari ile baridi ilikaza siku tisa mfululizo, kisha ikanyesha mvua iliyoganda ilipogusa kitu. Kila tawi lilivikwa barafu. Gulshan alitoka na birika la maji ya moto mara tatu kwa siku kuyeyusha barafu kwenye chombo cha chakula. Siku ya pili aliteleza ngazini akavunjika kiwiko. Walipokuwa wakimpakia kwenye gari la wagonjwa, alimwita jirani yake Elinaza, nesi kutoka Moshi.

"Mwanangu, ndege wangu."

"Nitawalisha, Mama. Nenda."

Elinaza aliwalisha kweli. Alijaza karanga alfajiri kabla ya kwenda zamu, na jioni aliporudi. Hakujua kuwa saa chache tu zilitosha barafu kufunga kila kitu. Siku ya tatu alikuta karanga zimefunikwa na tabaka gumu kama kioo. Akaangalia ndani ya kikapu. Walikuwa wamebanana, kichwa cha mmoja chini ya bawa la mwenzake. Alipowagusa walikuwa wakavu na wepesi, kama hawana kitu ndani.

Kazini Elinaza hupeleka habari za misiba kwa familia za watu. Safari hii alifikiria kudanganya, aseme wameruka. Lakini Gulshan aliporudi mkono ukiwa kwenye plasta, swali lake la kwanza lilikuwa juu yao.

"Wamekuja kula leo?"

"Wamekufa, Mama. Nimewakuta jana."

Gulshan alikaa kitini bila kuvua koti. "Karanga uliweka?"

"Niliweka. Barafu ilizifunika."

"Mchana hukuja na maji ya moto?"

"Nilikuwa wodini."

Mwana wa Gulshan, Zameer, aliyekuwa akiweka dawa mezani, alisema kwa Kiingereza kwamba wale ni ndege tu.

Gulshan alinyoosha mkono wake mzima akamshika Elinaza. "Sikulaumu wewe. Mimi ndiye niliyewazoesha kubaki. Kila mwaka ninawapa chakula, nao wanaamini hapa panafaa. Wangeniona mchoyo, wangeondoka."

Elinaza alimsaidia kuvua koti.

Ardhi ilikuwa ngumu kama saruji, kwa hiyo waliwafunga kwenye kitambaa wakawaweka kwenye kibanda cha nje hadi Aprili. Udongo ulipolainika Elinaza alichimba, Gulshan akawalaza. Shomoro walirudi, na ndege wengine wadogo wenye utosi mweusi kama kofia pia, ingawa wachache. Wa kahawia hawakuonekana. Mama mmoja anayekusanya hesabu za ndege mtaani alimwambia Gulshan kwenye simu kwamba bustani nyingi zimebaki bila ndege hao, na huenda ikachukua miaka kadhaa wengine wasogee tena kutoka kusini.

"Miaka mingapi?" aliuliza Gulshan, mwenye miaka sabini na minne.

Mama yule alisema hajui.

Novemba Zameer alimletea chombo kipya cha kulishia, cha umeme, kisichoshika barafu. Gulshan alimshukuru, akambusu, akaliweka boksi chini ya ngazi. Bado halijafunguliwa.