Kiti Kilichompenda Shangazi

"Mwache akae, dada. Kiti kimemnogea."

"Kimemnogea au kimemng'ang'ania? Shangazi yuko hapo tangu chai ya asubuhi. Hebu muulize kama anaweza kuinuka."

"Shangazi, kiti kikoje?"

"Kizuri, mwanangu," alisema shangazi, mkoba wake pajani kama abiria anayengoja gari la safari ndefu. "Kizuri mno. Hata sitamani kuondoka."

Bosi akamtazama dada yake kwa jicho la mtu aliyekwisha kushinda kesi. Dada mtu, fundi cherehani, akakata uzi kwa meno na kuutema chini. Kwa wanaomfahamu, hayo yalikuwa maneno mengi sana.

Jina la Bosi alijipa mwenyewe, na watu wakamwachia kwa kuwa halikuwaumiza. Kabla ya hapo alikuwa akipiga msasa vitanda vya watu katika karakana ya tajiri mmoja mwenye kelele. Alivuta vumbi la mbao hata ikawa akipiga chafya, unaokota mguu wa stuli. Siku moja akaona watu wamebeba viti vya sherehe vichwani, vimepandana kama mnara, akajiambia: mimi nitatengeneza kiti kinachokunjika, mtu akibebe kwapani kama mwavuli.

Wazo zuri. Ila Bosi hakuanza na kiti. Alianza na kadi zenye jina lake, nzuri hivi kwamba mbuzi wa jirani alikula moja akasusia majani wiki nzima. Kisha akachonga mhuri. Kisha likaja bango, kubwa kupita dirisha la chumba walichopanga pamoja, akalitundika hapohapo dirishani. Dada akawa anashona gizani. Alishona suruali ya mteja ikatoka na mguu wa tatu, na yule mteja, mtu wa adabu zake, akauliza tu kiatu cha tatu kinapatikana wapi.

Kiti chenyewe kilikuja mwisho, na kilipokuja, Bosi akakipeleka kwa ndugu wakijaribu. Ukoo ule una tabia yake: kasoro ya ndugu haisemwi mbele yake. Mchuzi ukizidi chumvi, watu hushukuru, wakaomba maji, wakashukuru tena. Basi mama yao alikisifu kiti kabla hajakiona. Mjomba alikisifu akiwa amesimama, na hakukubali kukaa hata kwa kusukumwa. Bosi akarudi amevimba kwa sifa, akatengeneza vingine kama kilekile, akavipanga ukutani.

Na leo ndiyo siku. Mwenye ukumbi wa sherehe alikuwa njiani kuja kuvitazama. Akivipenda, ukumbi mzima utajaa viti vya Bosi. Asipovipenda, kuna aproni moja kuukuu imetundikwa kwenye msumari katika karakana ya yule tajiri, na tajiri hachoki kupiga simu kuuliza kama yu mzima, halafu anamalizia, "Aproni yako bado ipo, bwana mkubwa."

"Mimi nilipoanza kushona," dada akasema, "gauni la kwanza sikumpa mama. Nilimpa Pilipili."

Pilipili ni jirani aliyewahi kugombana na mvua hadi ikahamia mtaa wa pili.

"Ukampa yule, kwa nini?"

"Kwa sababu hanipendi. Alilirudisha jioni ileile. Kwapa linambana, shingo inamkaba, pindo limekwenda upogo kama mlevi. Nikafumua, nikashona upya. Akalirudisha tena. Siku aliponyamaza, nikajua nimekuwa fundi. Na ndiye aliyeniletea nusu ya wateja nilionao, huku ananisema vibaya."

"Mimi nimesifiwa na kila aliyekaa."

"Umesifiwa na kila anayekupenda. Shangazi, hujaenda hata msalani leo?"

"Sijisikii," shangazi akajibu, kwa sauti nyembamba kidogo.

"Inuka basi unipe ule mkasi, uko hapo mbele yako."

Shangazi hakuwahi kumnyima mtu mkasi. Akainama, akajivuta, akainuka. Na kiti kikainuka naye, kimemkumbatia makalio, miguu yake minne imetazama nyuma kama kobe aliyesimama. Akatoa mkasi kwa adabu, mikono miwili, kisha akaketi tena pamoja na kiti chake.



"Ni kizuri, mwanangu," akasema shangazi. "Kinabana tu kidogo."

"Mbona hukusema?"

"Ungesikitika. Halafu na mimi nyama zimenizidi. Kosa si la kiti."

Bosi akachukua bisibisi, akapiga magoti, akachungulia chini. Hakuwahi kukitazama kiti chake kutoka huku. Turubai la kukalia lilikuwa limelegea kwa uzito, miguu ikajikunja kama koleo, na hapakuwa na kipande chochote cha mbao cha kuizuia. Akamkumbuka mama yake, jinsi alivyoinuka kitini siku ile ya kukijaribu, akatembea upande upande na kusema ni upepo.

Nje gari likasimama. Bosi akaruka, akavuta shuka lililokuwa juu ya cherehani, akamfunika shangazi kuanzia kichwani.

"Unafanya nini wewe?"

"Tutasema ni mzigo wa mteja."

"Mimi naweza kunyamaza," mzigo ukasema.

"Leo utamficha shangazi," dada akasema taratibu. "Siku ukumbi umejaa watu, mashuka utayatoa wapi?"

 Bosi alisimama na bisibisi mkono mmoja, pembe ya shuka mkono wa pili, akiiona ile aproni kana kwamba iko palepale ukutani.

"Hodi humu ndani."

Sasa, shangazi tangu azaliwe hajaiacha hodi ipite bila jibu. "Karibu," mzigo ukaitika kutoka chini ya shuka. "Karibu ndani, pita."

Mwenye ukumbi akaingia, mama mpana aliyejaza mlango, anahema kwa ngazi. Akautazama mzigo. Akalitazama bango. Kisha, kama mtu yeyote aliyechoka, akanyoosha mkono kwenye kiti cha kwanza pale ukutani, akakikunjua, akageuka ili akae.

Bosi akalivuta shuka.

"Samahani, mama, usikae bado," akasema. "Njoo kwanza umwone shangazi yangu."