Bembea Zilizoelekea Barabarani

Mimi ni fundi wa mageti, na fundi wa mageti hapa Busia akimaliza geti halifichi. Analisimamisha kando ya barabara, rangi inang'aa, ili kila apitaye alione. Mpita njia akisimama kuuliza, kazi nyingine imeshapatikana. Hivyo ndivyo alivyonifundisha baba yangu, aliyenipa miwani ya kuchomelea nikiwa binti huku shangazi zangu wakimsema, na tabia hiyo imenilisha miaka yote. Na ndiyo hiyo hiyo iliyoniumbua.

Mji uliponiita nitengeneze bembea za uwanja wa watoto, hasa wasichana, nilirukaruka kama mwendawazimu. Mimi, mwanamke, kazi ya mji mzima! Uwanja wenyewe ulianzia barabarani, pale malori yanapojipanga kungoja kuvuka mpaka, ukaishia nyuma kwenye kisima cha pampu na ukuta wa mashine ya kusaga. Mhandisi wa mji akaniuliza bembea zisimame wapi. Sikufikiri mara mbili. "Mbele," nikamwambia, "zielekee barabara." Nikazipaka nyekundu na njano. Madereva wakapiga honi kuzisifu, nami nikatembea kwa madaha kama bibi harusi.

Nyumbani ninaishi na binti wa kaka yangu, mwenye miaka kumi na mmoja, pamoja na mjukuu wangu ambaye hajaanza kutembea. Binti ndiye anayembeba mtoto mgongoni nikiwa kazini, na ndiye anayechota maji akitoka shule. Siku zile nilipokuwa nikichomelea, alikuwa akikaa mbali kidogo, mkono machoni, akiuliza kila siku: "Shangazi, na mimi nitabembea?"

"Wewe wa kwanza," nilimwahidi.

Hakubembea. Siku ya kwanza alikuja, akasimama, akatazama, akarudi nyumbani. Wenzake vilevile. Wiki zikapita, bembea zangu zikawa za wavulana wakubwa wanaosimama juu ya viti hadi minyororo inalia. Mwenyekiti wa mtaa akaniambia usoni, "Mama Fundi, uwanja tuliutengeneza kwa ajili ya wasichana, na wasichana wetu hawana haja ya mchezo." Kisha akanimalizia habari: malori hayana pa kuegesha, na wakubwa wa mji watakuja mwisho wa muhula kuuangalia uwanja. Wasipoona wasichana, unageuzwa maegesho.

Nilikasirika, na hasira zangu zinajulikana mpaka Malaba. Nikamgeukia binti, mtoto wa watu. Nikamwita mwoga, nikamwambia hana shukrani, nimejichoma vidole bure. Yeye akamfunga mtoto mgongoni, akachukua jerikeni, akaenda kisimani.

Jioni moja nikamtuma maji, akachelewa. Jua linashuka, sufuria kavu, nami njaa inaniuma. Nikachukua fimbo, nikaenda kisimani huku nikibwata peke yangu njia nzima.

Nikakuta jerikeni zimejipanga foleni ndefu, bila mtu hata mmoja. Hapa kwetu jerikeni ikishapangwa imekushikia nafasi. Hakuna atakayeiruka, hata ukirudi nyumbani ukasonga ugali. Lakini hawa hawakurudi nyumbani. Nyuma ya ukuta wa mashine ya kusaga kulikuwa na kelele. Nikachungulia. Wasichana walikuwa wakicheza kwepena: wawili wanarusha mpira wa mifuko ya nailoni, wa katikati anakwepa. Watoto wachanga wamelazwa kwenye leso, mmoja wao anawalinda, akichoka anapokewa. Na wa katikati alikuwa wangu, mgongoni hana mtoto, anaruka, anacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia ndani ya nyumba yangu.

Ile fimbo sijui niliiweka wapi. Sikuiona tena.

Kando ya pampu alikaa mama mzee, msimamizi wa kisima, Mudhola aliyeolewa hapa kutoka Nabuyoga, ng'ambo ya mpaka, Uganda. "Wewe fundi, kumbe hujui?" akaniambia. "Hii watoto nacheza hapa kila siku. Maji nakuja polepole, wao nacheza. Wakati yao ni hii tu."

"Sasa mbona hawaendi kwenye bembea?"

"Uliza mtoto yako. Mimi hapana kalia bembea." Akacheka mpaka akakohoa.

Nikamuuliza njiani, yeye na mtoto mgongoni, mimi na jerikeni kichwani. Akasema, "Shangazi, bembea ikipanda, sketi nayo inapanda. Na madereva wamekaa pale mbele, wanatuita. Halafu mtoto nitamweka wapi? Na nikiwa kule siwezi kuona jerikeni yangu." Tukaenda hatua chache. "Nani alizielekeza kule?"

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Ni mimi," nikasema. "Niliziweka kama geti."

Hakucheka, wala hakunilaumu. Alisema tu, "Basi zigeuze." Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii mkuu ndiye aliyekuwa kiziwi, na nikamwomba binti msamaha pale pale njiani, jerikeni kichwani.

Asubuhi nikamwendea mwenyekiti. Akasema nimerukwa na akili: kazi imeshapokelewa, sasa naikata? Nikamwambia geti likifungukia upande mbaya fundi huling'oa, hamlaumu mwenye nyumba. Akanipa siku zilizobaki kabla ya wakubwa kuja.

Nilizikata mwenyewe kwa grainda, na kila mkato uliniuma. Lakini kabla ya kuchimba shimo lolote niliwaita wasichana, nikawapa vijiti, nikawaambia wachomeke pale wanapotaka. Ebo! Walijua kila kitu. Bembea ziende nyuma, kati ya ukuta na kisima, ukuta uwakinge na barabara. Benchi liwe hapa, mtu akikaa aone foleni na bembea kwa jicho moja. Kiti kimoja cha bembea kiwe kipana, cha kukalia na mtoto mapajani. Pawe na sakafu yenye ukingo mdogo, mtoto akitambaa asifike kwenye matope ya pampu. Mama wa kisima naye akadai kengele, nikamtundikia rimu kuukuu ya lori. Jerikeni ikifikiwa na zamu, anaigonga hiyo rimu na kumwita mwenye jerikeni. "Malori haya nayo natusaidia," akasema, tukacheka wote.

Nimefanya kazi za watu wenye vyeo, wenye ramani na kofia ngumu. Hakuna aliyewahi kunielekeza vizuri kama wale wasichana wa jerikeni. Ninawashukuru. Namshukuru na yule mama, aliyenicheka badala ya kunionea haya.

Siku ya wakubwa ilipofika nilikuwa benchini tangu shule ilipotoka. Binti akaja, akapanga jerikeni yake, akafungua leso, akaniletea mtoto. "Shangazi, nishikie."

Nikampokea. Akaenda, akakaa kwenye bembea, akajisukuma kwa mguu mmoja, kisha kwa miwili, akapaa. Wadogo zangu wote niliwabeba mgongoni, mmoja baada ya mwingine, na sikumbuki mtu aliyewahi kuniambia, lete nikushikie. Machozi yalinitoka, sisemi uongo.

Wakubwa walisimama kule mbele wakitafuta bembea, wasizione. Kelele ndizo zilizowaleta nyuma. Mwenyekiti akatazama bembea, akatazama watoto wanaotambaa, akatazama wasichana wanaogombania kile kiti kipana, akajikohoza. Kisha akawaambia wenzake malori yatafutiwe mahali pengine. Wakatikisa vichwa kukubali, wakarudi kwenye gari lao kule barabarani, na mwenyekiti akanipungia mkono niwafuate nikatie sahihi kwamba kazi imekamilika.

"Ilete hapa hiyo karatasi," nikamwambia. "Nimeshika mtoto."

Akaileta.