Mgeni wa Sebule ya Lowri

Lowri wa shamba la Hafod Las alikuwa mtu wa kuongea na vitu. Aliongea na unga ukiumuka, na jiko likigoma kuwaka, na ukungu uliposhuka mlimani ukakaa uani utadhani ndio mwenye nyumba. Watu wa bonde lile la Wales walimcheka, naye akawacheka wao, maana wengi wao hata na Mungu waliongea Jumapili tu.

Jambo moja hakulifanyia mzaha: sebule. Kule sebule si ya kukaa. Yake ilikuwa na viti visivyokaliwa, Biblia kubwa, na picha ya Idwal, mwanawe wa pekee, ndani ya sare mpya. Walioingia humo ni mchungaji wa kanisa na marehemu wa nyumba. Idwal mwenyewe alikuwa Kanada, ng'ambo ya bahari, akijifunza kurusha ndege za vita.

Asubuhi moja ya Novemba Lowri alisikia ndege ikizunguka ndani ya ukungu, chini mno. Alijua ni mwanafunzi; walipita kila siku wakijifunza njia. "Panda, mwanangu, panda," aliibembeleza. Mlio ukakatika. Kikasikika kishindo kimoja huko juu, kisha kimya, na kondoo wakaendelea kula.

Mchana wanaume walishuka na maiti ya rubani, wameilaza juu ya lango la zizi. Alikuwa peke yake kwenye ndege, kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinajishauri kuota. Gari la jeshi lilikuwa limekwama bondeni kwa ule ukungu.

"Tumlaze ghalani," alisema Emrys, mumewe.

"Ghalani kuna panya. Mleteni sebuleni."

"Sebuleni!" Ifan, jirani yao, alishangaa. "Mimi miaka yote nanyweshwa chai jikoni, huyu leo anapitishwa moja kwa moja?"

"Kufa basi, Ifan, nawe utapita."

Emrys hakucheka. Alimvuta mkewe kando. "Lowri, unajua wazee walivyosema. Sebule ikipokea maiti asiye wa nyumba, humwita wa nyumba amfuate. Na wetu yuko angani."

Lowri alijua. Alikuwa ameinyonya imani hiyo pamoja na maziwa, naye aliiogopa kweli kweli. Akaitazama mikono ya yule kijana, yenye matope kwenye kucha.

"Huyu ana mama, Emrys. Nimwambie nini, kwamba mwanawe niliwaachia panya?"

"Na Idwal je?"

"Usiniulize hilo." Akafungua mlango.

Alimwosha uso, akamchana nywele, akamfunika shuka la harusi yake. Maiti haachwi peke yake, kwa hiyo alivuta kiti akakaa. Akamsimulia habari za kondoo, na theluji ya mwaka juzi, na dume lililompiga mchungaji pembe. Ukungu uliegemea dirisha. Saa ile haikuwa na mwanzo wala mwisho. Mara aliyelala alikuwa Idwal, mara hakuwa yeyote, mara ilikuwa ni yeye Lowri aliyelala na kijana ndiye amekaa kitini, akimsikiliza kwa adabu. Askari walipofika, ilibidi Ifan amguse bega.

Walitaja jina la marehemu na nchi yake ya mbali. Ulimi wa Lowri haukuliweza vizuri jina lile, lakini tangu siku hiyo alilitia katika sala, ubavuni mwa la Idwal.

Majira yote ya baridi Emrys aliupita mlango wa sebule bila kuutazama. Hawakugombana. Hata hivyo, mtu wa posta alipotokea njiani, wote wawili waliacha kazi wakamtazama.

Mwezi wa Aprili mtu wa posta alileta telegramu. Idwal alikuwa ameanguka na ndege akiwa mafunzoni, kwenye tambarare za theluji, na amezikwa hukohuko.

Lowri alibaki amesimama katikati ya jiko, akingoja neno la lawama la Emrys. Hakutaka kujitetea. Alijiona kweli ndiye aliyemwita, na mumewe alikuwa na haki ya kulisema.

Emrys aliketi, akachochea moto uliokuwa umeanza kufifia.

"Lowri," alisema hatimaye, "huko alikoanguka. Unadhani alipata mtu wa kukaa naye?"

Lowri hakujua lolote, telegramu haikusema.

"Alipata," alijibu. "Alilazwa ndani ya nyumba ya watu."

Emrys akamvuta, akaficha uso kwenye aproni yake, akalia.