Ngazi za Mama Povu

Mke wangu ni dobi, na mtaa mzima unamwita Mama Povu. Jina hilo alipewa na mama yangu mzazi, siku alipomwona anarudi kutoka mtoni na povu la sabuni hadi masikioni. Mama hakuwa na nia ya kumsifu. Lakini jina lilinata, na leo mama mwenyewe ndiye anayeligawa kwa wageni kama peremende.

Anafulia karibu na daraja, kwenye ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini. Ukihesabu kutoka juu ziko kumi na moja, naye anazijua kama anavyowajua wanawe: ya sita ina ufa, ya tisa inateleza, ya pili ndiyo anayokalia akila. Kwa kuwa yuko pale kila siku, manispaa ilimpa kazi ya kusoma nguzo ya mafuriko. Ni nguzo ya chuma iliyo ukingoni, imepakwa rangi tatu. Maji yakigusa kijani, hakuna neno. Yakigusa manjano, watu wafunge mizigo. Yakigusa nyekundu, manispaa inatoa lori la kuwabeba wasioweza kutembea na kuwapeleka shule iliyo mlimani. Msimu wa mvua Mama Povu huisoma nguzo asubuhi na jioni, kisha humpigia simu afisa wa maafa. Miaka sita hajakosa siku.

Watu humtania. "Mama Povu, mto umeamkaje leo?"

"Umeamka salama. Unauliza hilo shati lako utaliosha lini."

Kiangazi kilichopita, lori la mchanga liliigonga nguzo ikaanguka. Mimi ni fundi mwashi, nikaitwa niisimamishe. Niliona haya kuirudisha vilevile ili ianguke tena, nikaijengea kitako cha zege, kipana, nikakipiga plasta kikang'aa kama meza. Nguzo nikaisimamisha juu yake. Afisa alikuja, akakipiga teke, akasema, "Hapa hata tembo ataomba msaada." Mke wangu naye akakisifu. Usiku ule nililala fofofo.

Mvua zikaja. Siku ya tatu, asubuhi, Mama Povu alirudi na karai kichwani, nguo zikiwa kavu vilevile. Nyumba yetu ndiyo ya mwisho kuelekea mtoni. Mama yangu yuko chumba cha mbele, hajanyanyuka tangu alipovunjika nyonga, na daktari alisema asibebwe mgongoni wala asikunjwe. Bila lori, hana njia ya kutoka.

"Maji yako ngazi ya nne kutoka juu," Mama Povu alisema. "Yakifika hapo asubuhi, jioni yako ndani kwetu. Ngazi hiyo haijawahi kunidanganya. Lakini nguzo inasema manjano."

"Umempigia afisa?"

"Mara mbili. Anasema lori halitoki mpaka nyekundu. Ati ngazi si kipimo."

Mama alidakia kutoka kitandani. "Mwambieni aje alale hapa yeye, mimi nikakae kwenye kiti chake!"

Mke wangu akatua karai, akanitazama. "Fundi."

Akiniita fundi badala ya baba watoto, najua pana kesi.

"Kile kitako chako kina urefu gani?"

Nililijua kosa langu kabla hajafunga mdomo. Niliinua nguzo, na rangi zake zote zikapanda nayo. Wote tulikiona kitako, wote tukakisifu, hakuna aliyeziangalia rangi.

"Shibiri mbili," nikasema.

Hakugomba. Alibonyeza simu, akanikabidhi. "Mwambie mwenyewe."

Mimi hata kinyozi akininyoa vibaya namshukuru na kuondoka. Lakini mama alikuwa anakohoa chumba cha mbele.

"Afisa, mimi ni fundi."

"Fundi gani?"

"Wa kitako. Cha nguzo."

"Kimebomoka?"

"Hakijabomoka. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Nguzo imepanda shibiri mbili."

"Shibiri mbili za nani?"

"Zangu."

"Ni sentimita ngapi?"

Mama Povu alikwisha kuushika mkono wangu, akaupanua mezani na kuupima kwa rula ya shule ya binti yetu. "Ishirini na mbili, mara mbili!" akasema kwa sauti kwenye simu. "Arobaini na nne! Na maji yamebakiza thelathini tu kugusa nyekundu. Hesabu hii ni ya darasa la nne, afisa, wala sikuhitaji chuo."

Tulisikia kiti kikiburuzwa. "Mama Povu, basi ni nyekundu tangu alfajiri. Lori linakuja."

Lilifika kabla ya saa sita. Vijana wanne wa manispaa walimtoa mama akiwa amelala juu ya godoro lake. "Taratibu! Mimi si mfuko wa saruji," alisema, akinitazama mimi. Walibebwa wazee wanane wa mtaa wetu. Saa kumi jioni maji yalikuwa kwenye dirisha la chumba chake.

Shuleni alilazwa chini ya bango la hesabu za kuzidisha. Akaniita nisogee. "Mwanangu, kazi zako zinadumu. Siku nyingine jenga vibaya kidogo."

Maji yalipopungua nilikwenda kukivunja kile kitako. Siku mbili nzima na nyundo kubwa. Mama Povu alikaa ngazi ya pili, anakula. "Piga, fundi! Ulipokijenga hukuchoka."

Siku ya pili afisa alikuja na kopo la rangi nyekundu na brashi. Hakuitazama nguzo. Aliteremka kwenye ngazi akiwa ameshika suruali, akamuuliza mke wangu, "Mama, nipake ngazi ipi?"

Mama Povu hakuacha kutafuna. Alinyoosha mguu, akaigonga kwa kisigino ngazi ya nne.