Kifungu cha Klape

Siku ya kwanza nilipoingia kazi katika biro ya mayi ya muji, chefu wa service, Mubelgiji asiyecheka, aliniwekea mbele kitabu cha kanuni za kujenga na za tuyo, yaani mabomba ya mayi. "Soma polepole," akasema. "Kila kifungu humu kiko kwa sababu kuna muntu aliumia."

Nilikuwa fundi wa tuyo, mutoto wa bazazi baliotoka Kasai kufanya kazi ya reli. Nilizani kanuni zinatoka Ulaya zikiwa tayari. Kumbe zinatengenezwa: fundi analeta habari ya kasoro, komisyo, ile kamati ya kanuni, inaandika, karatasi inabandikwa kwa mulango wa biro siku makumi tatu. Pingamizi moja tu yenye saini inasimamisha kifungu mpaka kipimwe mbele ya komisyo.

Katanga ilipojitenga na Kongo, bakatuambia inchi mupya inataka kitabu chake. Bifaa bilikuwa bigumu kupata. Directeur mupya, Mukatanga, akaondoa klape kwa nyumba zote za cité, mitaa ya bafanyakazi, bila kungoja, na kifungu kinachoruhusu hivyo kikabandikwa mulangoni. Klape ni kile kifaa kidogo cha shaba kinachoacha mayi iingie nyumbani bila kurudi kwa tuyo ya barabara. Zilizobaki bakaziweka kwa nyumba za bakubwa.

Nilijua hatari yake. Pompe zilisimama karibu kila siku, na tuyo ikikosa nguvu inanyonya mayi kutoka manyumbani. Mama akiacha mupira wa robine, yaani koki ya mayi, ndani ya pipa la kufulia, ule uchafu unakwenda kwa jirani.

Niliandika pingamizi siku ileile. Kisha woga ukanishika. Siku zile Mukasai aliyesema hapana alionekana adui wa Katanga, na jirani yetu, Mukasai mwenzetu, alikuwa amekwisha kufukuzwa kazi.

"Papa Ntumba," bibi yangu akasema, "weka ile karatasi. Tuko na batoto bane."

Nikaiweka mufukoni. Nikatembea nayo juma ine. Zilipobaki siku mbili nikaweka saini.

Directeur akaniita. "Weye wa Kasai, unataka kutufundisha?"

"Hapana, Bwana Directeur. Kanuni inasema tupime."

Alikasirika sana. Lakini tulipima, kule cité, komisyo yote ikitazama. Tulitia buluu ya kufulia ndani ya pipa la nyumba moja lenye mupira wa robine, tukafunga mayi ya barabara, tukaimwaga kule chini, kisha tukafungua tena. Kwa jirani, Mama Ngoie, robine ikatoa mayi ya buluu.

"Andika," directeur akasema. "Klape kila nyumba."

Hakunifukuza. Nilitaka kulia kwa furaha. Lakini Mama Ngoie alikuwa amezika mutoto wake juma lililopita, sababu ya kuhara. Alinitazama mimi niliyeshika ndoo.

"Papa, mulijua tangu lini?"

"Leo, Mama," nikasema.

Nimestaafu zamani. Bahandisi bijana ba chuo kikuu cha Kasapa banakuja kuniuliza namna kanuni inavyotunzwa. Ninabaeleza karatasi ya mulangoni, saini na kipimo, nao banaandika. Zile juma ine sijabaambia bado. Mama Ngoie alikufa akiniita muntu muzuri.